Dawati la Mninga

Tabora, 19 Januari 2025

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Mama kifua kinaendeleaje?

Kuna mlio haunitoki: mbao za dawati letu zilivyolia upande wa dirishani, Nibizi aliponyanyuka. Kidato cha tatu wametugawa kwa alama za mtihani. Wa juu mkondo A, wa kati B, waliobaki C. Mimi A, mdogo wangu Nibizi C. Nilimwambia mwalimu dawati ni letu wote wawili, umetutengenezea wewe. Akasema, "Basi libaki kwa mwenye akili." Darasa likacheka. Nibizi akabeba begi lake akatoka.

Wenzangu wa A wana viti vyao. Mimi nimebaki kwenye dawati la wawili kama mjane. Bwenini hata Kirundi chetu amekiacha. Ananijibu "sawa" kwa Kiswahili, kama karani.

Mwanao,
Advera

Ulyankulu, 9 Februari 2025

Mwanangu Advera,

Marahaba. Mama yako anakohoa asubuhi tu.

Nibizi alifika Jumatano, eti ana malaria. Zahanati wamempima, hana. Anashinda banini, kwenye banda la kukaushia, akitundika tumbaku. Nikimtajia shule anasema, "Baba, kiti changu kina mtu." Mwalimu mkuu kapiga simu: asiporudi mwezi huu, wanamfuta.

Wewe usijichanganye. Kaa hukohuko A, usome. Nisiwapoteze wote wawili.

Baba yako,
Anakleti

Tabora, 23 Februari 2025

Shikamoo Baba,

Mpe Mama pole ya kikohozi.

Barua yako nimeirudia nikitafuta mahali uliponiruhusu. Sikupaona. Hivyo utanisamehe, nimekwishahama.

Jumatatu niliburuta dawati mpaka mkondo C. Ni zito, Baba, mninga hukuubania. Mlangoni Batuli, msichana wa huko C, akanikodolea macho.

"Wamekufukuza?"

"Hapana."

"Basi una wazimu. Haya, shika huko, ninyanyue huku."

Mwalimu mkuu akaniita. Kasema nikitoka A, sirudi tena. Nikamjibu sawa.

Huku hakuna anayenisemesha zaidi ya Batuli. Wengine wanadhani nimekuja kuwacheka. Wanabanana watatu watatu, nami nimezuia nafasi nzima upande wa dirishani. Hata Batuli nimemkatalia. Wananitazama vibaya, na wana haki.

Mwambie Nibizi kiti chake hakina mtu. Kina sweta langu.

Mwanao,
Advera