Usizing'oe Nyasi Zilizokauka

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Olasiti tupo, ila magoti yangu yamechoka. Unauliza kama uzing'oe nyasi za uwanjani kwako zilizokauka. Ziache, mizizi iko hai.

Mwaka tulipooana, babu yako alizifyeka zetu hadi udongo ukaonekana, tena kiangazi. Zikakauka. Nikanuna, sikumsemesha. Jioni moja akaja ameshika nyasi mbichi mkononi, kama sisi Waarusha tunavyoomba msamaha. Alizichuma chini ya bomba linalovuja. Nikacheka. Masika yalipoingia, uwanja wote ukachipua.

Tangu hapo kiangazi tuliziacha ndefu, masika tukatia samadi.

Mwaka huu uwanja umekauka tena. Nguvu zangu ni za ndoo moja tu, nayo naimwaga pale alipolala yeye.

Bibi yako