Gari la Baba Kabula na ng'ombe arobaini

Jumapili, asubuhi. Upepo wa baridi, vumbi la msimu wa pamba, na jua ambalo bado linajivuta.

Wenzangu wote wako kanisani. Nimebaki kwa kisingizio kwamba Kabula anakohoa. Kukohoa anakohoa kweli, lakini si hiyo sababu. Sababu ni kwamba tangu jana alasiri baba yangu hajanisemesha, na mimi sina nguvu ya kukaa naye benchi moja tukiimba.

Naandika haraka kabla hawajarudi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nina mtoto mmoja, Kabula, miaka mitatu na kidogo. Nashona nguo hapa Bariadi. Nilirudi kwa wazazi wangu baada ya baba yake Kabula kufariki mwaka jana kwa figo. Hatukuwa tumefunga ndoa. Nilimfuata tu, kwa miguu yangu mwenyewe, hakutoa hata kuku. Na kwetu Wasukuma, mtoto wa mwanamke ambaye hajatolewa ng'ombe ni wa kwao mwanamke. Kwa hiyo Kabula ni wa hapa, kwa baba yangu, mpaka siku ng'ombe watakapokuja.

Jana walikuja. Ila walikuja wakiwa gari.

Niseme kuhusu hilo gari. Baba Kabula alifanya biashara ya choroko na pamba, na misimu miwili mizuri mfululizo ikampa gari moja ambalo hakuna mtu kwao aliyelielewa. Ni gari dogo la Kijapani, la milango minne, la buluu, lina turbo, na limekaa chini kiasi kwamba ukilipeleka njia za kijijini linakwangua tumbo. Kampuni siitaji, maana wenye magari hayo wanajuana na wanagombana sana mitandaoni. Yeye hakulinunua alitembelee. Alilinunua alitunze. Alisema ni toleo la mwisho, kiwanda kimeshaacha kutengeneza injini ya namna hiyo, na kila mwaka utakaopita litapanda bei wakati magari mengine yanashuka.

Viti vyake hakutoa plastiki. Funguo mbili alizifunga kwenye soksi. Alikuwa na daftari la kuandika kila oili iliyomwagwa, na karatasi ya mnada wa Japani ameiweka kwenye bahasha moja na cheti chake cha kidato cha nne. Kila Jumamosi aliliwasha, halafu kabla ya kuzima aliliacha lingurume kwanza ili turbo ipoe. Mimi nikiwa na uji jikoni nilikuwa nasikia ile ngurumo na kujua leo ni Jumamosi.

Nilikuwa nalionea gari wivu. Niseme ukweli, nilikuwa nalionea wivu.

Alipougua, ndugu walimwambia auze. Akasema bei yake bado. Akasafishwa damu Mwanza mpaka akiba ikaisha, wakauza ng'ombe wa baba yake, na gari likabaki bandani kwao Mwanhuzi chini ya turubai, kuku wakitagia juu ya boneti.

Jana, basi. Baba yake marehemu, mzee wa Mwanhuzi, ninamwita baba mkwe kwa heshima tu, alifika na gari likiwa juu ya fuso la kubebea ng'ombe, limefungwa kamba kama dume korofi. Baba yangu akatoka nje, akalitazama, akasema, "Kumbe limekuja na usafiri wa ndugu zake." Wazee wakacheka. Walianza vizuri.

Ombi la mzee lilikuwa jepesi kulieleza. Kijana wake amekufa bila kukwa, yaani bila kutoa ng'ombe za mwanamke. Alikuwa mtoto wake pekee wa kiume. Anataka kumlipia marehemu mahari ili Kabula awe mtoto wa kwao, akakae Mwanhuzi, aitwe jina la kwao. Ng'ombe wake wengi walikwenda na ugonjwa, waliobaki ni wachache na ukame umewachosha. Lakini gari lipo.

"Hili halinywi maji," alisema. "Haliugui ndigana. Haliingii shamba la mtu likakuletea kesi."

"Na halizai," baba yangu akamjibu.

Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa naweka michembe ya viazi na chai mezani, na Kabula amening'inia kwenye sketi yangu.

Baba alikuwa ametaka ng'ombe arobaini: za kwangu, za mtoto, na za aibu ya kutoroshwa. Na sitamsingizia ubaya. Mdogo wangu Nkwabi ana mchumba, na wakwe zake watarajiwa wanasubiri ng'ombe. Ng'ombe za dada ndizo zinazomwoza kaka. Ndivyo ilivyo hapa, hata mahari ya mama yangu ilikwenda hivyo hivyo. Nkwabi tangu asubuhi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

Wakamleta fundi kutoka Mwanza, kijana mwenye tumbo na miwani, anayewatafutia magari watu wa mjini wanaokusanya magari ya aina hiyo. Alizunguka lile gari kama saa nzima. Alikuwa na kifaa kidogo kama simu, anakigusisha kwenye bodi kinamsomea unene wa rangi, mlango kwa mlango. Akalinganisha namba za injini na kadi. Akasoma daftari. Akaliwasha, akafumba macho akasikiliza.

"Dada, huyu marehemu alikuwa mtunzaji," akaniambia. "Plastiki ya viti bado! Rangi ya kiwandani yote! Unajua watu wangu wanalitafuta hili usiku na mchana?"

Nikasema, "Pole na kazi, kaka."

Akataja bei. Wazee wakaigeuza kuwa ng'ombe kwa bei ya mnada wa juzi, wakabishana kuhusu ukubwa wa mitamba, mwisho ikatoka arobaini na moja. Baba mkwe akasema huyo mmoja wa juu awe wa kuchinja. Nkwabi akacheka meno yote nje. Baba akaanza kunyoosha mkono.

Mimi najua kitu kuhusu lile gari.

Baba Kabula alinipandisha mara moja tu. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Alitaka nisikie turbo inavyovuta, akanipeleka barabara ya Lamadi jioni moja, na mvua ikatukuta huko. Gari liliteleza likatoka kwenye lami, pua ikaingia kwenye karavati. Mkanda ulinibana tumboni. Alishuka. Kwanza alikwenda mbele kuliangalia gari, ndipo akazunguka upande wangu. Nilitokwa na damu siku mbili.

Hilo la kwenda mbele kwanza sijawahi kumwambia mtu. Wala yeye sikuwahi kumwambia kwamba niliona.

Gari lilikaa gereji miezi mitatu. Watu aliwaambia liko sevisi. Boneti, bampa na bodi ya upande viliagizwa kutoka kwenye gari jingine la rangi ile ile, ndiyo maana kile kifaa cha fundi hakikuona kitu. Lakini chasisi ya mbele ilikuwa imekunjwa. Ikanyooshwa, ikachomelewa, ikafunikwa. Aliniapisha. Alisema likijulikana limegonga, watu wanaokusanya hawatalitaka tena, linakuwa gari kama magari mengine. Nikaapa, mkono juu ya tumbo lenye Kabula.

Siku hizi nawaza, labda hakukataa kuuza kwa sababu ya bei. Labda aliogopa mnunuzi atafunua. Labda alikufa akilinda siri ya gari. Sijui. Nikifikiria sana nashindwa kushona.

Baba alikuwa amenyoosha mkono, nimeshasema. Mzee wa Mwanhuzi naye anainuka kitini, polepole, ana goti bovu.

Nikasema, "Fundi, fungua ile plastiki ya ndani, juu ya tairi la mbele la kulia."



"Ya nini, dada?"

"Fungua tu."

Akachukua bisibisi. Alilala chini kwenye vumbi na shati lake jeupe, akamulika na simu. Alikaa huko muda. Alipotoka hakunitazama mimi, alilitazama gari, kama mtu aliyedanganywa na mchumba.

"Limechomelewa," akasema. "Liligonga vibaya hili. Wazee wangu, nawaomba radhi, bei ile haipo tena. Labda ng'ombe ishirini, na mnunuzi awe haulizi maswali." Halafu akanigeukia. "Ulijuaje?"

"Nilikuwa ndani."

Baba mkwe ndiye aliyeuliza lini. Nikamwambia, nikiwa na mimba ya miezi sita. Alimtazama Kabula, ambaye muda huo alikuwa amekaa kwenye kizingiti analamba sukari iliyobaki kwenye kikombe. Alimtazama sana.

Baba yangu akasema, kwa sauti ndogo ile anayotumia akiwa na hasira kweli, "Mwanangu, nani alikuuliza?"

Nkwabi akaondoka. Hakupiga kelele, aliondoka tu, na shati lake.

Sasa niandike hapa kitu ambacho sikukisema pale. Watu wataona nilisema kwa sababu mimi ni mkweli. Mama yangu ameshaanza kuniita hivyo jikoni, ananitetea kwa baba, "mwanao hakutaka watu wauziwe uongo." Siyo. Kama lile gari lingekuwa zima kabisa, ningetafuta kasoro nyingine. Ningesema lina jini. Nilitaka bei ianguke, mikono isishikane, mtoto wangu alale kwangu jana, na leo, na kesho kutwa. Kwa hilo nimemvua nguo marehemu mbele ya baba yake, nimevunja kiapo, na nimemwondolea mdogo wangu mke mkononi.

Nimefanya kwa kusudi. Ningerudia.

Lakini silali vizuri.

Na halikuishia pale. Nilidhani mzee atakasirika, arudi Mwanhuzi na fuso lake, mambo yaishe. Hakukasirika. Wakati wanalirudisha gari juu ya fuso kwa mbao, alikunywa chai yake iliyopoa mpaka mwisho. Kisha akaniita pembeni, mimi peke yangu. Nikapiga magoti kumsikiliza.

"Mayu," akasema, na kwetu hivyo unaitwa ukiwa mama, ukiwa mtu. "Umenisaidia. Ningempa baba yako kitu kibovu kwa mtoto, na watu wangesema mjukuu wangu alinunuliwa kwa bati lililochomelewa. Asante."

Nikainamisha kichwa.

"Gari niachie mimi, nitaliuza hata kwa spea. Ng'ombe nilionao nitawaunga na wa ndugu zangu. Tukimaliza kuvuna nitaleta arobaini, wenye miguu, baba yako atawahesabu mwenyewe. Hao hawana cha kufunua."

Hakusema kwa kunikomoa. Ningefurahi kama angesema kwa kunikomoa, ningepata mtu wa kumchukia. Ana macho yale yale ya Baba Kabula. Kabula akamjia mwenyewe, akamshika kidole. Mzee akaweka mkono juu ya kile kichwa kidogo, akaniuliza mtoto anavaa viatu namba ngapi.

Kuvuna kunaisha lini? Mashamba mengine yameshaisha. Nikitoka hapa mlangoni naona marobota ya pamba kwenye baiskeli za watu.

Kesho Jumatatu nitafunga mashine mapema, niende ofisi ya ustawi wa jamii na cheti cha kuzaliwa cha Kabula. Nimesikia kwamba sheria ya serikali haiangalii ng'ombe, inaangalia mtoto. Sijui kama ni kweli. Sijui kama afisa atakuwepo, au ataniambia nikamalizane na wazee nyumbani. Baba akijua nimekwenda huko, huenda nikahama hapa na cherehani kichwani. Nitakwenda tu.

Nasikia wanarudi, mama anamsalimia jirani. Kabula ameamka, ananiita.

Ni ile namba ya viatu tu inayonirudia. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kumtajia ndogo, au kubwa. Nilisema namba yake hasa, na nikaongeza kwamba mguu wa kulia umezidi kidogo, amnunulie vya kamba.

Kwa nini nilimwambia?