Safari ya Wawili Kwenda Amalfi

Ruggero,

Mbilingani za jana ziko kwenye oveni, zipashe moto. Mrehani wa dirishani unataka maji.

Asubuhi nakunja gauni langu jekundu, mama yako huyo, kaingia na sanduku. "Mwanangu, tangu baba yake Ruggero afariki sijaiona Amalfi." Na wewe ukajifanya unatafuta soksi! Miaka kumi na miwili naisubiri safari hii.

~~Naenda kuifuta safari yote.~~ Naenda bandarini kuongeza tiketi ya tatu. Mama yako akilia, mtaa mzima utanisema.

Nimepiga simu hotelini. Agosti hii hakuna chumba kingine, na chetu kina kitanda kimoja. Mama ameshachagua upande wa dirishani. Wewe amua nani atalala katikati.

Mkeo (bado),
Ornella