Fenda ya Kushoto

Kisumu,
Jumapili, 15 Juni 2025

Mzee Kartar,

Sat Sri Akal. Naomba barua hii ikukute na nguvu, na goti lako liwe limepatana na baridi ya huko Leicester. Mama Prerna hajambo? Prerna na watoto je? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua imekuwa nyingi, ziwa limepanda tena, na pale Dunga maji yameingia mpaka chini ya meza za wauza samaki. Mke wangu anakusalimu sana. Anasema tangu uondoke hakuna tena mtu wa kumsifia ugali wake wa wimbi, maana mimi hula tu na kunyamaza.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu nimeijaribu. Jumatano nilikupigia, ukapokea kwa furaha, nami nikaishia kukuuliza kama huko kuna jua. Hii ni karatasi ya nne, tatu nimezichana. Nikikaa kwenye kiti nasimama, nikisimama nazunguka gereji, kwa hiyo naandika nikiwa wima, karatasi nimeilaza juu ya boneti ya Impreza yako. Ndani ya bahasha utakuta pia fomu ya ukurasa mmoja inayongoja sahihi yako. Nakuomba usishike kalamu kabla hujamaliza kusoma.

Nianze na gari lenyewe. Uliniachia niliuze mwezi wa Novemba, ukasema nisiharakishe, mradi liwe limepata mtu kabla kiwanja cha gereji hakijarudishwa kwa mwenyewe mwisho wa Julai. Kila ulipouliza nilikujibu kwamba soko limelala. Mzee, soko halijalala hata kidogo. Impreza ya umri huo, ya turbo na gia za mkono, haiwezi tena kuingizwa nchini, kwa kuwa sheria hairuhusu gari lililopita miaka minane. Zilizopo ndizo zilizopo, na nyingi vijana wamezichinja. Wamekata ekzosi, wameshusha springi, wamezipaka rangi ya ndizi mbivu, injini zimefunguliwa mara tatu. Nzima ikisikika mahali, watu wanatoka Eldoret na Nairobi kuja kuitazama. Tena mnunuzi wa maana siku hizi haulizi linakimbia kiasi gani. Anauliza limepitia mikono mingapi, rangi ni ya kiwanda, limewahi kugongwa? Mbio anaziuliza mwisho, kwa adabu tu. Analipia kutoguswa, na kutoguswa huko ni karibu nusu ya bei.

Wateja walikuja. Wa kwanza alikuwa kijana wa Kondele anaitwa Byron, mwenye kuvaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Alilizunguka gari mara mbili akijipiga video, kisha akaniambia, “Budaa, hii ndai ni safi lakini imenyamaza sana. Inafaa ibweke.” Alitaka kwanza tukate ekzosi, ndipo alete nusu ya bei. Nilimwambia akanunue mbwa.

Wa pili, mwezi wa Februari, alikuwa mkulima wa miwa kutoka Bungoma, Wekesa, mtu mtulivu. Bei hakuipinga. Aliomba tu amlete fundi wake akague. Nilipomuuliza ni fundi gani, akataja jina. Papo hapo nikamwambia injini inakula oili. Mzee, wewe unajua injini hiyo haijawahi kula hata kijiko. Wekesa akaaga akaenda zake. Machi akaja mwingine wa Eldoret, akataja fundi yuleyule, nami nikamwambia gari limeshauzwa, huku limesimama mbele yake halina hata vumbi.

Fundi huyo ni Enos. Ndiyo, Enos wetu, mtunza stoo uliyemfukuza mwaka 2013. Sasa ana kibanda pale Mamboleo, na kazi yake ni kukagulia watu magari kabla hawajatoa pesa. Ana sumaku, kurunzi, kioo kidogo cha mkono, na kipimo cha kupima unene wa rangi. Kisumu hii, mwenye akili hanunui gari kuukuu kabla Enos hajaliinamia. Nami nilikuwa namkwepa kwa miezi saba, nikiharibu soko la gari lako kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mwezi wa Mei akaja Daktari Aloo, yule mama wa macho mwenye kliniki mjini. Ulimtengenezea marehemu baba yake pikapu, anakukumbuka vizuri. Aliliendesha mpaka Otonglo na kurudi, akashuka akicheka peke yake. Akasema hataliuza tena maishani, atalitunza kama lilivyotunzwa, na bei ya milioni mbili na laki mbili hataipunguza hata senti, kwa kuwa amelitafuta gari lisiloguswa kwa miaka minne. Neno la fundi hakulitaja. Nilipumua. Wiki hiyo nililala vizuri.

Jumatatu iliyopita, saa sita mchana, alirudi. Mlango wa abiria wa gari lake ukafunguka, akashuka Enos.

Kichwa kimejaa mvi, Mzee, mikono ni ileile. Alinisalimu, “Wabwire, habari ya siku mingi,” akaanza kazi. Sumaku ilishika kila mahali, hakuna palipozibwa kwa plasta. Kipimo cha rangi kilisema kiwanda, mbele, nyuma, juu. Alisikiliza injini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwisho akafungua mlango wa kushoto, akaingiza kile kioo kwenye upenyo ambapo fenda ya mbele, lile bati linalofunika gurudumu, inajikunja kukutana na bawaba, akamulika. Akabaki pale ameinama. Daktari alimuuliza kama kuna kutu, akajibu hakuna. Akainuka, akafuta kioo kwa kitambaa polepole, hakunitazama. Akamwambia, “Daktari, gari ni poa, rangi yote ni ya kiwanda. Lakini Mzee Kartar mwenyewe aandike ati haijawai gongwa, na hakuna kitu imebadilishwa. Huyo Mzee hawezi sign uongo. Akisign, wewe lipa.”

Ndiyo fomu iliyo humu. Wakili wa Daktari ameiandika vizuri, ina jina lako lote.

Mzee, gari liligongwa. Nililigonga mimi.

Ilikuwa Agosti ya mwaka huo wa 2013, mlipokwenda na familia kuhiji kwenye hekalu la Makindu siku nne. Uliniachia gari nilioshe, ukaniachia na kicha chako cha funguo kwa ajili ya dharura. Nililipeleka ziwani Jumamosi asubuhi, nikaliosha likang'aa. Natamani ningekuwa na sababu ya kukupa, kwamba mke alishikwa na uchungu au mtu alikuwa anakufa. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Nilikuwa nimelitengeneza gari hilo miaka mitano na sijawahi kusikia turbo ikiamka chini ya mguu wangu mwenyewe. Basi nikapita Otonglo, nikakanyaga. Ikaamka. Nilipiga kelele ya furaha, nakiri. Kisha ng'ombe akapanda barabarani, nikamkwepa, nikaangukia ukingo wa daraja dogo. Fenda ya kushoto ilijikunja mpaka kwenye tairi, na taa ikapasuka. Ng'ombe aliendelea kula majani.

Unakumbuka ile nusu ya mbele ya gari uliyoagiza kutoka Japani, bluu ileile, ambayo fenda yake na taa vilikuwa vimeuzwa tayari kwa mteja wa Kericho? Nilifungua stoo kwa funguo zako, nikavichukua, nikavifunga kwenye gari lako. Rangi ya kiwanda juu ya rangi ya kiwanda, nani angejua? Zilizovunjika nilizikatakata nikazichanganya na vyuma chakavu. Enos huandika namba ya stoo kwa rangi nyeupe kwenye kila kipande, nami niliifuta. Sikujua kwamba alikuwa akiandika mara mbili, panapoonekana na pasipoonekana, kwa sababu ya watu kama mimi. Hiyo ya pili ndiyo aliyoiona kwenye kioo Jumatatu.

Mengine uliyaona mwenyewe. Mteja wa Kericho alikuja, vitu havipo, kufuli hazijavunjwa. Ukamuuliza Enos mbele yetu sote kama alifunga stoo Jumamosi. Akasema, “Nadhani nilifunga, Mzee.” Ukamwambia mtunza stoo hadhani, ukamwita mwizi, akatoka saa hiyohiyo na kikombe chake cha chai mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kompresa. Kicha chako cha funguo kilikuwa bado mfukoni mwangu. Jioni ukanipa na funguo zake, ukaniongeza mshahara, ukasema angalau amebaki mmoja wa kuaminiwa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi na miwili, na kwa sehemu kubwa ilikuwa na lami. Ya Enos ndiyo iliyokuwa mbaya. Mtu aliyefukuzwa na Kartar kwa wizi, gereji gani mjini ingemchukua? Alisukuma mkokoteni pale Kibuye miaka miwili. Kanisani walimnyang'anya kazi ya kutunza sadaka. Nilikuwa nikinunua dagaa wa omena kwa mkewe, Rosa, na kumwachia chenji, nikijiona ninalipa kitu. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyokuwa nikijidanganya.

Jumanne nilikwenda Mamboleo. Enos alinivutia stuli kama mgeni. Nilimuuliza kwa nini hakunisema palepale mbele ya Daktari. Akaniambia jambo hilo si la Daktari, ni la Mzee. Nikamwambia nitampa chochote nilicho nacho, akasema nisimtukane. Msamaha nao nisimwombe kwanza, hilo litachukua muda na huenda lisifike. Anachotaka ni wewe ujue ukiwa hai, na ujue kwa karatasi, kwa sababu kwenye simu mimi nitalia na wewe utaanza kunibembeleza. Anatujua sana, Mzee.

Kwa hiyo fomu usiitie sahihi. Daktari Aloo nilimweleza Alhamisi. Alinitazama kama anayenipima macho, kisha akasema gari bado analitaka, ila kwa bei ya gari lililoguswa na kwa fomu nyingine isemayo kweli. Uamuzi ni wako. Na kama unataka niondoke, nitaondoka saa hiyohiyo, kama alivyoondoka yeye, na kiwanja nitamwachia yeyote utakayemtaja. Nisingependa uharakishe kunihurumia.

Limebaki moja, na ndilo linalonizungusha hapa tangu Jumanne. Nilipoinuka kuaga nilimwambia Enos kwamba bila shaka miaka yote hii alikuwa akiwaza ni nani aliyeiba. Akasema hapana, mwizi hakumwaza sana. Alikuwa akiwaza mlango. Kila siku anajaribu kuukumbuka mkono wake kwenye kufuli Jumamosi ile. Siku nyingine anauona unafunga, siku nyingine hauoni. Ameungama kanisani kwa uzembe, mara mbili, mbele ya watu. Rosa anasema mpaka leo akitoka nyumbani hufika barabarani akarudi kuujaribu mlango, akaenda, akarudi tena.

Mzee, mlango aliufunga. Kufuli zote mbili, kama ulivyomfundisha. Nilizikuta zimefungwa, nikazifungua mimi. Nilimwambia hivyo pale kibandani, lakini hakusadiki. Neno langu halimtoshi, na kwa nini limtoshe? Wewe ndiye uliyemuuliza swali lile mbele ya watu. Mpigie umwambie alifunga. Namba yake nimeiandika nyuma ya fomu.

Nisalimie Mama Prerna, na umwombe asinichukie kabla wewe hujaamua. Wajukuu wako wakue vyema, goti lipone, Mungu akupe siku nyingi.

Ni mimi niliyekuwa fundi wako,
Wabwire