Parachuti Uliyoikunja Sebuleni

Baba,

Hawakuifungua. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kabla hata sijakuamkia. Shikamoo, Baba. Parachuti ya akiba uliyoikunja hapa sebuleni Msamala imesafiri kutoka Songea mpaka Afrika Kusini, ndege tatu, na muhuri wako ulifika mzima.

Nimerudi juzi. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, pale pale ulipokuwa unatandika turubai lako. Makochi tuliyarudisha wakati wa msiba, maana watu walikuwa wengi na viti havikutosha. Mama bado anavua kandambili akipita hapa kwenda chumbani. Hakuna kilichotandikwa siku hizi, lakini anavua. Mimi nikimwona najifanya nasoma simu.

Sijasahau zile siku mbili. Kazi ya asubuhi moja uliifanya kwa siku mbili, kwa sababu figo zilikuwa zimeshaivimbisha mikono yako na vidole havikutaka kukunjika. Ulipanga vile vimfuko vyako vya mahindi juu ya kamba ili zisihame. Ulihesabu vyombo vyako kwa sauti kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kama kawaida yako, kwa sababu koleo moja likisahaulika ndani umemzika mtu. Nilipotaka kukusaidia kubana mfuniko ulinifukuza. "Akiba haikunjwi na watu wawili, Skola. Ikikataa kufunguka, alaumiwe mmoja." Ukafunga uzi mwekundu, ukabana muhuri, ukakaa chini ukihema. Wiki tatu baadaye tulikupeleka hospitali, na hukurudi.

Akiba uhai wake ni mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, sharti ifunguliwe na ikunjwe upya, hata kama haijatumika. Mtihani wangu wa leseni ya ukunjaji ukaangukia wiki ya mwisho ya mwaka huo, na masharti yao ni kwamba mtahiniwa aje na akiba yenye muhuri, aifungue mbele ya mwalimu, kisha aikunje mwenyewe. Muhuri ukikatika njiani, hakuna mtihani. Ila nikuambie ukweli, mtihani ningeurudia mwaka mwingine. Kazi ya mikono yako nisingeirudia popote. Sikutaka mtu asiyekujua aifungue kwa udadisi, kisha aniambie pole dada.

Basi nikafanya yote uliyonifundisha. Parachuti haipelekwi kwenye mizigo ya chini, inabebwa mgongoni na kuingia nayo ndani, kwa sababu chini hujui nani atavuta nini. Nilichapisha ile kadi ya kiwanda inayoonyesha jinsi kile kifaa kidogo cha umeme kinavyoonekana kwenye mashine, kile kinachofungua akiba chenyewe mrukaji akizimia. Nikafika uwanjani mapema kuliko hata wafagiaji. Mama alinisindikiza na kitenge kipya na sura ya mtu anayeficha jambo, lakini nilidhani ni huzuni tu.

Mkaguzi alikuwa mtu wa Tanga, amehamia mwaka huu, mpole wa maneno kama watu wa kwao. Nikapitisha mzigo kwenye mashine. Akatazama, akarudisha nyuma, akatazama tena. Nikaanza kumweleza nyaya, nikampa kadi, akaisoma yote. Akaniambia, "Dada yangu, nyaya nimezielewa. Hii chupa ya maji ndiyo sijaielewa."

Baba, chupa ipi? Ulikuwa na sheria moja kuhusu lile begi, na kila mtu humu ndani aliijua kama sala ya Baba Yetu: halitiwi kitu, hata rozari. Nikaapa mbele ya mkaguzi kwamba hakuna chupa. Akaingiza mkono kwenye kile kimfuko cha zipu cha mgongoni, akatoa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, imejaa maji, imefungwa kwa nailoni na medali ya Bikira Maria.

Nikageuka. Mama alikuwa nje ya kioo anatazama juu, kana kwamba ndege inatokea darini.

Ni maji ya baraka kutoka kwa watawa wa Hanga. Alinieleza baadaye bila kuona haya hata kidogo. "Baba yako alikufunga na nyuzi zake nikanyamaza miaka yote. Sasa hayupo, na mimi nifunge na zangu." Ungesemaje hapo?

Lakini pale pale, mbele ya mashine, nilikuwa nimeshaapa uongo. Na mtu aliyeapa uongo juu ya chupa, nani amwamini juu ya nyaya? Yule mkaguzi aliishika chupa kwa mikono miwili, akampelekea Mama kwa heshima zote, akarudi na uso uliobadilika. Sikumlaumu, ndiyo kazi yake. Akasema mzigo wote utafunguliwa. Akaona kile kishikizo cha fedha cha akiba, akakiwekea vidole viwili, akaniuliza akikivuta kinatoka nini.

Nikasema, "Kinatoka baba yangu." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akaondoa vidole.

Hapo ndipo nilipokuwa nawe kweli, Baba. Nikavua viatu. Nikasogea mlangoni, nikamwomba Mama kitenge chake, nikakitandika pale kwenye sakafu ya ukumbi, nikapiga magoti. Nikamwambia mkaguzi, humu mna parachuti mbili, kubwa ya kila siku na akiba. Hii kubwa naifungua yote, uikague uzi kwa uzi, kisha naikunja mbele yako. Ukiona nadanganya tena, vuta hicho kishikizo, sitakuzuia.

Nikaitoa. Unaijua ile ya njano na bluu, ukubwa wake. Ilijaa ukumbi. Watu walinyanyua miguu na mabegi. Walimu waliokuwa wanarudi likizo wakasogeza viti. Mzee mmoja mfanyabiashara wa mahindi, nilimwamkia tu, naye bila kuombwa akashika ncha moja isiburuzike, akabaki ameishika kama anasaidia kuanua shuka. Mkaguzi akapapasa kitambaa, akapita kamba zote, akapangusa kwa kile kijitambaa chao cha kupimia baruti, akakipeleka kwenye mashine yao. Safi.

Kisha nikaanza kukunja, na nikahesabu kwa sauti. Sikukusudia, ilitoka yenyewe, sauti yako na kukohoa kwako kidogo katikati. Dakika kumi na saba. Nilipobana mfuniko wa mwisho, yule mzee akasema taratibu, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mkaguzi akaomba simu, akaongea na mkubwa wake, akarudi na kadi yangu ya kiwanda. Akaniambia, "Hiyo nyingine iache ilale." Neno lako lile lile ulilosema kila ulipobana muhuri, Baba, na hakuwahi kukuona. Nilipanda ngazi za ndege nikiwa nimeibeba mgongoni na kichwa juu, na abiria wote wakinipisha njia kama bibi harusi.

Mhudumu wa ndege aliniuliza kama nina wasiwasi na usafiri wao. Nikamwambia hapana, ninyi ndio mnaoruka bila parachuti. Alicheka mpaka akanipatia nafasi kwenye kabati lao la makoti. Dar es Salaam walinikagua, na huko Afrika Kusini walinikagua, lakini nilikuwa nimeshajua dawa: navua viatu, natandika kitenge cha Mama, nasema kabla sijaulizwa. Na nilikuwa napapasa mifuko yote kwanza.

Nimeruka mara sita huko. Mita elfu nne, ardhi yao nyekundu kidogo kama ya Mpitimbi baada ya kuvuna. Ya njano na bluu ilifunguka mara zote sita na nimetua kwa miguu yangu, sikuangukia makalio hata mara moja, ingawa najua huamini. Mara ya sita niliimba njia nzima kushuka. Nilikuwa na furaha, Baba. Naandika hivyo ili ujue kwamba mwaka huu haukuwa wa kulia tu.

Siku ya mtihani mwalimu alikuwa mama wa makamo, mikono migumu, maneno machache. Alikata uzi wako mwekundu yeye mwenyewe, ndiyo sheria, kisha akaniachia kishikizo. Nikavuta.

Iliruka, Baba. Springi ilirusha kile kiparachuti kidogo cha mbele hadi karibu na taa, na akiba yenyewe, ile nyeupe, ikafuata bila kukwama, safu baada ya safu, kama ulivyoipanga. Yule mama alipiga magoti akaanza kuitazama mikunjo iliyobaki kabla haijalegea, akawaita wanafunzi wengine waje. Akauliza nani ameikunja hii. Nikasema ni baba yangu, alikuwa mkunjaji jeshini, na wakati anaikunja mikono ilikuwa imevimba. Akaangalia tena. Akasema mkono ulioumwa hauonekani hapa. Nililia mbele yao wote, na sikuona aibu.

Kisha nikaikunja. Kwa saa tano nzima, peke yangu, nikamfukuza hata mwanafunzi aliyetaka kunishikia tochi. Nimefaulu, Baba. Leseni ninayo, jina langu limeandikwa sawasawa. Ndani ya kimfuko cha akiba mna kile kikaratasi cha kumbukumbu ambacho kila mkunjaji hutia saini. Mstari wa mwisho ulikuwa wako, herufi zimelala upande kwa sababu ya vidole. Chini yake nimetia saini yangu.

Mama anasema nikusalimie, na kwamba medali ipo kwenye mkoba wake. Kesho tunakuja makaburini kung'oa majani na kupaka msalaba rangi. Mwezi ujao kuna watu wawili wa Dar wananitumia akiba zao niwakunjie. Siwajui, sijawahi kuwaona. Sasa nimeelewa kwa nini ulinifukuza siku ile, na kwa nini ulikubali kuhema sakafuni siku mbili kwa kitu ulichoomba kisitumike kamwe.

Lala salama, Baba yangu. Nakuahidi hili moja: kila atakayeniletea akiba yake, nitamkunjia kama mtoto wangu.

Mwanao,
Skola