Kurasa Tatu za Kuhesabu Kadi

Jumapili, Agosti 16, 2009. Kitengela. Baridi, mawingu yasiyo na mvua, na vumbi mpaka kwenye meno.

Nimeketi saiba, kwenye kompyuta ya pembeni ambayo herufi A lazima uibonyeze mara mbili. Nimelipia saa moja. Nyumbani ni dakika tano kwa miguu na nimeshindwa kwenda. Baba yuko huko, shati lake la kesho limeshapigwa pasi, na mimi ndiye nimepoteza pesa za jicho lake.

Haya. Nimeandika.

Baba alichonga mawe kwenye machimbo ya Kiserian tangu sijazaliwa, na sasa macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Anaona mwanga na vivuli, basi. Ananijua kwa vile ninavyotembea. Mimi na dada yangu Mumbua tulichanga mwaka mzima kwa ajili ya upasuaji wa jicho moja, mimi kutoka kwa mshahara wangu wa ukarani kule Athi River, yeye kwa kuuza mbuzi wake wawili. Kliniki ikatupa siku: kesho Jumatatu, saa mbili asubuhi, mje na pesa zote. Jicho la pili litangoja, daktari alisema, mpaka mtafute zingine kama hizo.

Mimi sikutaka lingoje.

Mwezi uliopita, hapa hapa saiba, nilikutana na makala iliyosema kwamba kwenye blackjack, ule mchezo wa kadi wa kukaribia ishirini na moja bila kuipita, mtu anaweza kuishinda kasino kwa hesabu tu, bila kuiba chochote. Niliisoma kama mtu aliyeitwa jina lake. Kadi ya mbili mpaka sita ikitoka, unaongeza moja. Saba, nane na tisa unaziacha zipite. Kumi, kadi za picha na zile za A, unatoa moja. Hesabu ikipanda, maana yake kadi kubwa bado hazijatoka, na hapo ndipo unaweka pesa nyingi. Shuleni nilikuwa mzuri kwa hesabu. Labda hilo ndilo lililoniponza.

Makala ilikuwa kurasa sita. Kuprinti hapa ni shilingi kumi kwa ukurasa, na watu wa Kitengela hatuprinti kitu chote. Hata fomu ya kazi tunachukua ile karatasi ya kusaini tu. Nikachukua kurasa tatu za kwanza. Zilizobaki nilizitupia jicho, nikaona ni maneno mengi, nikaziacha. Niliokoa shilingi thelathini.

Kwa wiki tatu Baba ndiye aliyekuwa mgawaji wangu. Kugawa kadi hakuhitaji macho. Anazitoa moja moja juu ya meza, mimi nahesabu kimoyomoyo mpaka pakiti iishe, na kama sijakosea namaliza kwa sifuri. Zamani tulikuwa tunacheza ile kadi yetu ya nyumbani, ya kumlisha mwenzako kadi zaidi kwa mbili na tatu, na akibakisha moja anapiga meza na kupaza sauti, "Niko kadi!" mpaka majirani wanajua. Hii mpya hakuielewa lakini alifurahi kwamba natoka kazini na kuketi naye.

"Siku hizi tukicheza huongei," aliniambia jioni moja.

"Nafikiria tu, Baba."

"Basi fikiria. Mimi bora uko hapa."

Sikumwambia nilichokuwa nafikiria. Hilo pia naliandika hapa, kwa sababu sitaki kujifanya kwamba kosa langu ni la jana peke yake.

Jana Jumamosi, saa nane mchana, nikaingia kasino moja Nairobi nikiwa na bahasha yote ya pesa za jicho. Nilikuwa nimevaa tai. Mezani, kadi hazikuwa pakiti moja kama za Baba. Zilikuwa pakiti sita zimechanganywa pamoja ndani ya sanduku. Nilishtuka kidogo, kisha nikajiambia hesabu ni hesabu. Nikaanza kwa pesa kidogo. Kadi ndogo zikatoka, zikatoka tena, na hesabu yangu ikapanda mpaka kumi na moja. Nyumbani sijawahi kufika hata nane. Nikavuta bahasha mbele ya msichana aliyekuwa akigawa.

Nikaweka nusu ya bahasha. Nikapata kumi na tisa. Yeye akapata ishirini.

Hesabu bado ilikuwa juu, kwa hivyo nikaweka nusu ya pili. Nikapata kumi na sita, yeye akiwa ameonyesha tisa. Nikaomba kadi nyingine na ikaja mfalme. Nikapita ishirini na moja.

"Pole, boss," msichana akasema, na nadhani alimaanisha. Sikuwa nimekaa pale hata nusu saa.

Niliporudi nyumbani Baba alikuwa amemaliza kunyoa ndevu, peke yake, kwa kupapasa. Alikuwa na mikwaruzo miwili kidevuni. Aliniambia hataki daktari aone mzee mchafu. Nikampaka mafuta. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifurahi kwamba Baba haoni, na katika yote niliyofanya wiki hii sijui kama kuna baya kuliko hilo.

Leo asubuhi, kanisani, mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Baba akasimama. Mimi ndiye niliyemshika mkono akisimama.

"Mimi ni mzee, sina mengi," akasema. "Kesho watoto wangu wananipeleka kufunguliwa jicho. Huyu kijana yangu nimeacha kumwona akiwa hana ndevu. Sasa nasikia ako na ndevu na ako na kitambi. Nataka nimwone huyo mtu ni nani."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama mmoja akanipiga bega akasema, "Mungu akubariki, wewe ni mtoto kweli." Nikaitikia amina.

Nikampeleka Baba nyumbani, nikamwambia nakuja, nikatoroka hapa. Nikaitafuta ile makala tena na kusoma nilichokiacha. Ukurasa wa nne unasema kama pakiti ni nyingi, hesabu yako lazima uigawanye kwa pakiti zilizobaki. Kumi na moja yangu haikuwa kumi na moja. Ilikuwa mbili na kitu. Na hata ukifanya vizuri, unaizidi kasino kwa kiasi kidogo sana, kwa hivyo unaweza kupoteza siku nyingi kabla ya kupata. Ukurasa wa tano unaanza hivi: usicheze na pesa ambazo maisha yako yanazihitaji.

Nimekaa nikiutazama huo ukurasa. Nilitaka kujidanganya kwamba shilingi thelathini ndizo zilizoniangusha. Lakini ningekuwa na kurasa zote sita bado ningeenda. Nilitaka kuwa yule mtoto aliyeleta macho mawili, nisimamishwe kanisani mimi. Sasa hakuna hata moja.

Mumbua nimempigia kabla ya kuanza kuandika. Nilimweleza yote. Kisha akauliza kitu kimoja tu: "Baba anajua?" Nikasema hapana. Akakata simu.

Nimefikiria kusema kliniki imeahirisha. Nimefikiria kusema bahasha iliibiwa stendi. Uongo huo wote nimeuandaa vizuri, na Baba angeuamini, kwa sababu hajawahi kuwa na sababu ya kunishuku. Ndiyo maana siwezi.

Dakika zimebaki nne. Kesho nitaenda mwenyewe kliniki kuomba siku nyingine, na mwisho wa mwezi nitaanza upya kuchanga, mimi peke yangu, mbuzi wa Mumbua wakiwa wa kwanza kulipwa. Lakini hiyo ni ya kesho. Leo kuna mzee amekaa kwenye kiti akingoja nirudi.

Nitamketisha mlangoni, nami nitaketi mbele yake, upande ule mwanga unaponipiga usoni. Nitasema yote. Alisema anataka kumwona huyo mtu ni nani.