Mwenye Samaki Mkononi Haulizwi

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Naiandika salamu hii nikijua kwamba ile marahaba yako, uliyokuwa ukiivuta mpaka nicheke, haitanirudia. Hii ni Krismasi ya kwanza tangu tukuzike hapa Nansio, na nimeona haifai mwaka ugeuke kabla sijakushukuru kwa jambo ambalo, ulipokuwa hai, sikulitambua vya kutosha kulishukuru.

Bila shaka unaikumbuka Krismasi niliyovuka ziwa kutoka Mwanza nikiwa na shahada mpya na suti ya kuazima. Mjomba, kaka yako, alinikalisha sebuleni mbele ya wageni akataka kujua ni ofisi gani imenichukua. Mwaka uliofuata aliuliza tena, akaongeza kwamba mtoto wa jirani aliyeishia darasa la saba tayari anamiliki bodaboda. Watu walicheka, tena bila ubaya. Nami nilicheka, kwa mdomo tu.

Ndipo sauti yako ikatokea uani: "Msomi, njoo unisaidie kupara sato."

Mjomba alihoji tangu lini chuo kikuu kikafundisha wanaume kupara samaki. Ulinipa kisu, beseni na kigoda, kisha ukanigeuzia mgongo ukaendelea kupepeta mchele wako. Hukunihoji wala hukunipa mawaidha. Magamba yaliruka yakanishika hadi kwenye nyusi, na pumzi zangu zikarudi taratibu. Kila aliyechungulia na swali ulimrudisha alikotoka: "Mwacheni, ana samaki mkononi." Nilipomaliza, ulinikatia ndimu ninawe harufu, nikarejea sebuleni nikiwa mtu kamili. Hivyo ndivyo zilivyopita Krismasi zetu zote baada ya hapo.

Mwaka huu nilikaribia kubaki chumbani kwangu Mabatini, kule Mwanza. Ajira ya kudumu bado sijaipata, na nilikwisha kuandaa uongo wa mafua kwa ajili ya mama mzazi. Lakini nilijiuliza nani ataketi na Baba Mkubwa. Basi nikampigia simu Mjomba mapema, nikamwambia kwa heshima zote kwamba nikipata kazi atakuwa wa kwanza kujua, ila kwa sasa swali hilo linaniumiza. Akasema, "Basi mpwa wangu, tutaongea mpira." Na kweli, tuliongea mpira. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi, nikatamani ungekuwepo unikonyeze.

Kumbe swali la mwaka huu lilimngoja mwingine. Kabla ya chakula, ndugu walimzunguka mumeo wakimuuliza nyumba itakaa bila mama mpaka lini. Mmoja alikwisha kumtajia mjane wa Sengerema, mcha Mungu, mpishi hodari. Baba Mkubwa alicheka tu. Nilikifahamu kicheko kile cha mdomoni, Mama. Nilikivaa miaka mingi.

Nikatoka uani, nikaita: "Baba Mkubwa, naomba unisaidie kupara sato."

Alikuja haraka kuliko nilivyotarajia. Nilimpa kigoda chako, nami nikachuchumaa kando. Hajui kupara, alikuwa akikwangua kutoka kichwani kwenda mkiani na magamba hayakumtii. Mjomba alipochungulia mlangoni, mdomo wake ukiwa tayari umefunguka, nilimtangulia: "Mwache, Mjomba. Ana samaki mkononi." Alitutazama wote wawili, akarudi ndani polepole.

Hapo Baba Mkubwa akaweka kisu chini. "Asubuhi muuza samaki kaniuliza kama awapare, kama anavyotuparia siku zote," alisema. "Nikamwambia awaache. Mama yako Mkubwa kila Krismasi alimwambia awaache na magamba yao. Mimi nilifuata tu, sikujua sababu." Akaniangalia kwa muda mrefu. "Kumbe alikuwa anakuwekea wewe."

Alilia, nami nikalia, na hakuna aliyetuuliza kitu.

Asante, Mama Mkubwa, kwa kila sato uliyemwacha na magamba yake kwa ajili yangu. Mwakani nitamwagiza muuzaji mwenyewe. Ndimu nimezihifadhi, na kigoda chako kipo pale pale karibu na mafiga.

Pumzika, nasi tutapara.

Mwanao wa uani